Funguo za vitu na rasilimali kwenye seva za gemu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mtu anapoanza kujenga seva ya gemu ya mtandaoni, au anapokabidhiwa seva ya mwenzake akakuta ID zimechanganyika humo ndani. Yanaanzia kwenye msingi yanaenda mpaka yale yanayokuja ukishakuwa na wachezaji wengi. Kitu kikishaelezwa sehemu moja hakirudiwi, utaelekezwa namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Ufunguo wa kitu ni nini hasa, na kwa nini nisitumie pointa tu?

Ufunguo ni namba ndogo, mara nyingi baiti 4 au 8, ambayo ukiipeleka kwa seva inakurudishia kitu chenyewe au inakwambia "hakipo". Hiyo nusu ya pili, ya kukwambia hakipo, ndiyo sababu kubwa ya kuwa na funguo. Pointa haina uwezo huo. Pointa ni anwani ya memori, kitu kikifutwa anwani inabaki palepale na baada ya muda mfupi panakaa kitu kingine kabisa, wewe ukisoma unasoma tu bila kujua kwamba mwenye nyumba amebadilika. Kwenye C++ hata kufuta si lazima, `std::vector` ikikua inahamisha vitu vyote sehemu nyingine na pointa zote zilizokuwa zinaangalia mle ndani zinaharibika kwa mpigo.

Wanaotumia Java, C# au Go wanasema hilo haliwahusu kwa sababu lugha inasafisha memori yenyewe. Kweli hutakrashi, ila tatizo linageuka upande wa pili: zimwi amekufa dakika kumi zilizopita lakini kuna taima moja mahali bado imemshika, kwa hiyo hafi, anakaa kwenye memori, na wakati mwingine bado anapiga watu. Na pointa huwezi kuituma kwenye mtandao wala kuihifadhi kwenye databesi, kwa hiyo hata ungeitaka vipi utahitaji namba tu.

2. Rasilimali na kitu vina tofauti gani?

Rasilimali ni ile inayotumiwa na wengi na haibadiliki gemu ikiendelea: templeti ya zimwi, ramani, jedwali la zawadi, umbo la kugongana. Kitu ni kile kimoja kimoja kinachoishi na kufa: mbwa mwitu huyu hapa, mshale ule, kifua kile pale mlangoni.

Uzito unatoka hapa. Tuseme templeti ya mbwa mwitu ni kilobaiti 2 na una mbwa mwitu 5,000 kwenye ramani. Kila mmoja akibeba nakala yake ni kama megabaiti 10. Kila mmoja akibeba ufunguo wa baiti 4 unaoelekeza templeti moja, ni kilobaiti 20, na ukijumlisha ile 2 ya templeti yenyewe ni 22. Kilichobaki kwa kila mbwa mwitu ni vile vyake tu, yaani yuko wapi, afya yake ikoje, anamfukuza nani. Halafu seva haihitaji picha wala sauti, hizo ni za upande wa mchezaji. Seva ikiwa inapakia folda nzima ya gemu pamoja na picha, anza kupunguza hapo kabla hujagusa kitu kingine.

3. Nasikia kuna funguo za aina tatu. Kwani moja haitoshi?

Haitoshi, na hili ndilo ningeomba kila mtu alishike hata akisahau mengine yote. Kuna ufunguo wa muda, ambao seva inautumia ndani ya memori na unakufa seva ikizimwa. Kuna ufunguo wa mtandao, unaosafiri kwenye paketi na unatakiwa uwe mfupi iwezekanavyo. Na kuna ufunguo wa kudumu, unaokaa kwenye databesi na hautakiwi kutumika tena maisha yote hata kitu kikifutwa.

Kazi zao zinagombana. Wa muda unataka kurudia namba ili arei isikue, wa kudumu unakataza kabisa kurudia. Wa mtandao unataka udogo, wa kudumu unataka ukubwa. Ukitumia namba moja kwa kazi zote tatu lazima kazi mojawapo iumie, na kwa kawaida inayoumia ni ile ya kudumu, maana ndiyo inayochelewa kuonyesha dalili. Minecraft ni mfano mzuri: kila kiumbe kina namba ndogo inayotumika kwenye paketi wakati seva iko hewani, halafu kina UUID, namba ndefu ya kipekee, inayoandikwa kwenye diski. Seva ikirisitati namba ndogo zinagawiwa upya, UUID inabaki ileile.

## Funguo za muda: nafasi na kizazi

4. Hii njia ya nafasi na kizazi inafanyaje kazi?

Una arei kubwa ya nafasi. Kila nafasi ina kitu, au iko wazi, na pembeni yake kuna namba inayoitwa kizazi. Ufunguo ni vitu viwili vilivyobanwa kwenye namba moja: nafasi ya ngapi, na kizazi kilikuwa kipi siku ufunguo unatolewa. Kitu kikifutwa, kizazi cha nafasi hiyo kinaongezeka kwa moja. Mtu akija na ufunguo, seva inalinganisha kizazi cha ufunguo na cha nafasi, visipofanana jibu ni hakuna.

Chukua mshale ulioko hewani. Umerushwa kwa zimwi aliyeko nafasi ya 417 kizazi cha 9, kwa hiyo mshale umebeba 417/9. Kabla haujafika, mchezaji mwingine anammaliza yule zimwi, nafasi 417 inafunguliwa na kizazi kinakuwa 10. Tiki mbili baadaye (tiki ni mzunguko mmoja wa seva wa kusogeza gemu mbele) anazaliwa mfanyabiashara wa ndani ya gemu na seva inampa nafasi hiyohiyo ya 417. Mshale unafika na 417/9 yake, seva inaangalia inakuta 10, inajibu hakuna, mshale unaanguka chini basi. Bila kizazi mfanyabiashara angekufa kwa mshale usiomhusu, na bagi ya namna hiyo utaitafuta sana kwa sababu ukijaribu mwenyewe peke yako kwenye seva tupu haitokei.

Gharama yake ni kusoma sehemu moja ya arei na kulinganisha namba moja. Hakuna kufuli, hakuna kuomba memori mpya. Ndiyo maana inaitwa nyepesi.

5. Nigawe biti vipi?

Kwenye biti 32 mgawanyo unaotumika sana ni 20 za nafasi na 12 za kizazi. Biti 20 zinakupa nafasi 1,048,576 na biti 12 zinakupa vizazi 4,096. Ule ufunguo wa 417/9 ukibanwa hivi, kizazi kikiwa juu, unakuwa 9 × 1,048,576 + 417, yaani 9,437,601. Ukiuona kwenye logi kama namba tupu hauelewi kitu, angalia swali la 21.

Ukiwa na biti 64 gawa nusu kwa nusu usahau habari ya kizazi kuzunguka (swali la 6). Ushauri wangu: kama hujapima ukaona kwamba baiti 4 zaidi kwa kila rejea zinakuumiza, tumia 64. Wengi wanabana kwa mazoea tu wakati vitu vyao havifiki elfu kumi.

Kitu kimoja kidogo ila muhimu, anza vizazi na 1, usianze na 0. Hapo namba 0 nzima inabaki kuwa "hakuna kitu" na memori iliyosafishwa kwa sifuri haiwezi kugeuka ufunguo halali kwa bahati mbaya.

6. Kizazi kikijaa kikazunguka kurudi mwanzo si tutarudi palepale?

Ndiyo, na inategemea sana unavyozipanga nafasi zilizo wazi. Wengi wanatumia rundo, nafasi iliyofunguliwa mwisho ndiyo inayotolewa kwanza. Ni haraka, lakini nafasi moja inatumika tena na tena. Seva ya tiki 20 kwa sekunde ambayo kila tiki inazaa risasi moja na kuua moja inaweza kuzungusha vizazi 4,096 vya nafasi hiyo ndani ya dakika kama tatu na nusu tu, na kuna uwezekano wa kutosha kwamba taima ya dakika tano bado imeshika ufunguo wa zamani.

Tumia foleni badala ya rundo, iliyofunguliwa kwanza itoke kwanza, na usianze kurudia mpaka foleni iwe na angalau nafasi 1,024. Hapo ufunguo uleule hauwezi kujirudia mpaka uzae vitu zaidi ya milioni 4. Ukitaka usalama kamili, nafasi ikifika kizazi cha mwisho istaafishe, usiitoe tena mpaka seva irisitati. Quake III, ambayo msimbo wake uliachiwa wazi mwaka 2005, haina vizazi ila inafanya jambo linalofanana: kitu kikifutwa nafasi yake inaachwa ipoe kwa sekunde moja kabla ya kupewa kitu kingine, ili upande wa mchezaji usije ukachanganya cha zamani na kipya.

7. Nikitumia heshi-mapu (jedwali la kutafutia kitu kwa ufunguo wake) na kaunta inayopanda tu, kuna ubaya?

Hakuna ubaya, na kwa seva nyingi ndogo ndiyo njia ninayoipendekeza. Kaunta ya biti 64 hairudii: ukizaa vitu milioni moja kila sekunde itajaa baada ya miaka kama 584,000. Unalipa kwa kutafuta kwenye heshi badala ya arei na memori kidogo ya ziada. Ukiwa na vitu laki kadhaa vinavyotafutana kila tiki ndiyo utaanza kusikia tofauti, hapo hamia njia ya swali la 4. Usitumie kaunta ya biti 32 yenye alama ya kujumlisha na kutoa kwenye seva inayokaa miezi bila kuzimwa, inaishia 2,147,483,647 halafu inaingia kwenye namba hasi.

8. Kitu kikifa katikati ya tiki nikifute palepale?

Usikifute. Kipige alama ya kufa, kiache mpaka mwisho wa tiki, halafu futa vyote kwa pamoja. Ukifuta palepale, kuna mzunguko mahali unapita kwenye arei hiyohiyo, na kama unatumia ile mbinu ya kuchukua cha mwisho na kukiweka kwenye pengo, basi cha mwisho kimehamia nyuma ya ulipofika na tiki hii hakitapitiwa kabisa. Dalili yake ni mazimwi wanaosimama kidogo kila mwenzao anapokufa, na kila mtu anadhani ni mtandao.

Ila kuwa makini, ulizo la "yuko hai?" lijibu hapana tangu alama inapowekwa, lisisubiri mwisho wa tiki. Vinginevyo watu wawili watamuua zimwi mmoja na wote watapewa zawadi.

## Funguo za rasilimali

9. Rasilimali nizipe majina ya maandishi au namba?

Vyote viwili, kila kimoja na mahali pake. Kwenye faili andika jina, maana binadamu ndiye anayesoma faili. Kwenye memori tumia namba. Seva ikiwaka inasoma majina yote, inayapa namba 0, 1, 2 kuendelea, na kuanzia hapo hakuna anayelinganisha maandishi tena.

Jina liwe na mwenye nalo mbele, kama `msitu:mbwa_mwitu`, ili watu wawili wakitengeneza mbwa mwitu tofauti wasikanyagane. Minecraft ilikaa miaka na namba za kudumu za bloku, namba zikawa chache na watengenezaji wa modi wakawa wanagombania, mpaka toleo la 1.13 mwaka 2018 toleo la Java likaachana nazo likabaki na majina kama `minecraft:stone`. Kwenye paketi bado zinasafiri namba, lakini hizo ni za kupangiwa, si za kuandikwa kwenye seivu.

Na hilo ndilo kosa linaloumiza wengi hapa: namba iliyopangwa wakati wa kuwaka ikiandikwa kwenye databesi. Leo upanga ni 57, kesho umeongeza faili moja lenye jina linalotangulia kwa alfabeti, upanga unakuwa 58, na begi za wachezaji wote zimebadilika usiku mmoja. Kwenye databesi andika jina, au namba iliyowekwa kwa mkono ambayo haihami.

10. Heshi ya jina ya biti 32 inatosha kuwa ufunguo?

Inatosha ukikagua migongano, haitoshi ukiamini bahati. Heshi ni namba inayokokotolewa kutoka kwenye herufi za jina, na njia ya kuikokotoa inayoitwa FNV-1a, ya biti 32, ni nyepesi na inafanya kazi vizuri kwa majina mafupi. Lakini ukiwa na majina 10,000, uwezekano wa angalau mawili kugongana ni kama asilimia 1.2, na ukifika kama 77,000 ni nusu kwa nusu. Watu wanaona bilioni nne na ushee wanadhani ni bahari, wakati kinachohesabiwa ni jozi, si majina.

Kwa hiyo wakati wa kupakia, jina jipya likitoa heshi iliyopo tayari, simamisha seva na uyataje majina yote mawili. Usiruke, usiandike onyo tu likapita. Au tumia biti 64.

11. Kwenye kompyuta yangu faili linaonekana, nikipandisha kwenye seva linasema halipo. Kwa nini?

Herufi kubwa na ndogo. Windows kwa kawaida haitofautishi `Upanga.json` na `upanga.json`, Linux inatofautisha. Lazimisha majina yote yawe herufi ndogo, tarakimu na mistari ya chini, na kagua hilo kabla ya kupandisha. Mkwaju wa kutenganisha majina ya mafolda, `/` au `\`, nao uwe mmoja tu.

12. Naweza kubadilisha rasilimali bila kuzima seva?

Unaweza, na hapa ufunguo unakulipa. Kwa kuwa kila kitu kimeshika namba ya templeti na si templeti yenyewe, unapakia mpya pembeni, unaikagua mpaka mwisho, halafu kati ya tiki na tiki unabadilisha kilichopo nyuma ya namba hiyo. Mbwa mwitu 5,000 wanaanza kutumia mpya bila kuguswa hata mmoja. Ukaguzi ukifeli unaacha ya zamani ilivyo.

Uangalifu unahitajika kwenye vitu vilivyonakili thamani. Mbwa mwitu akizaliwa na afya 80 kutoka kwenye templeti, ukibadilisha templeti kuwa 60 yeye bado ana 80 juu ya kikomo cha 60, na mstari wa afya upande wa mchezaji unatoka nje ya boksi. Amua mapema: wakishazaliwa wanabaki na ya zamani, au unapitia wote na kurekebisha. Kuongeza rasilimali mpya ni rahisi. Kufuta iliyopo wakati inatumika, usifanye, subiri risitati.

13. Lini niiondoe rasilimali kwenye memori?

Seva nyingi hazihitaji kabisa, templeti zote zinaingia kwenye megabaiti chache. Ni ramani na maumbo ya kugongana ndiyo mazito. Hizo hesabu wanaozitumia, hesabu ikifika sifuri usiondoe papo hapo, subiri dakika kadhaa, maana mchezaji anayetoka na kuingia mlangoni atakufanya upakie na kuondoa ramani ileile kila sekunde.

## Kwenye mtandao

14. Nitume ufunguo wa muda moja kwa moja kwa mchezaji?

Inafanya kazi lakini ni nzito bila sababu. Ukituma kwa namba za urefu unaobadilika, zile za biti 7 kila baiti, namba hadi 127 ni baiti 1, hadi 16,383 ni baiti 2, hadi 2,097,151 ni baiti 3. Ule ufunguo wetu wa 9,437,601 unakula baiti 4, wakati kitu chenyewe kiko nafasi ya 417 tu, ambayo ni baiti 2. Zidisha kwa vitu vyote vinavyotembea, kwa kila mchezaji, kwa kila tiki.

Kwa hiyo kila mchezaji mpe jedwali lake: namba fupi za vile anavyoviona yeye tu. Anaona vitu 100, namba zinaishia 100 na zinakaa kwenye baiti moja. Quake III inatumia biti 10 kwa kitu, yaani 1,024. Injini ya Source ya Valve inatumia 11, yaani 2,048.

Faida ya ziada ni ya usalama, mchezaji hajui hata idadi ya vitu vilivyoko duniani wala hawezi kukisia namba ya kitu asichokiona. Ukitumia UDP, njia ya kutuma paketi isiyohakikisha kwamba zimefika, kumbuka ujumbe wa "kitu hiki kimefutwa" unaweza kupotea, kwa hiyo usimpe mtu namba fupi iliyotumika mpaka upande wake uthibitishe kwamba umesikia kufutwa.

15. Mchezaji akituma ID ya kitu kisicho chake?

Atatuma, chukulia hivyo tangu siku ya kwanza. Ufunguo kuwa halali hakumaanishi ana ruhusa. Kagua kwa mpangilio: kipo? ni aina inayotarajiwa? ni chake au ni cha wazi? yuko karibu nacho? hali yake sasa inaruhusu? Ukaguzi wa aina ndiyo watu wanausahau zaidi, ombi la "fungua kifua" linakuja na ID ya mchezaji mwenzake, msimbo unamchukulia mtu kama kifua na seva inakrashi.

Kushindwa kusimkate mchezaji papo hapo. Ombi la kitu kilichokufa sekunde moja iliyopita ni kawaida ya mtandao wa polepole, si wizi.

16. ID zangu zinabadilika tarakimu za mwisho zikifika kwenye kivinjari. Ni bagi?

Ni JSON (muundo wa maandishi wa kubadilishana data) kukutana na JavaScript, lugha ya kivinjari. Namba za kawaida za JavaScript zinashika namba kamili kwa uhakika hadi 9,007,199,254,740,991 tu. Ukituma 9007199254740993 inasomwa 9007199254740992, na hakuna kosa lolote linaloonyeshwa. Ufunguo wa biti 64 ukienda kwenye JSON uende kama maandishi, ndani ya alama za nukuu. Discord wanafanya hivyohivyo na ID zao. Lua kabla ya 5.3 nayo ina shida ileile, kwa hiyo angalia skripti zako za ndani ya seva pia.

## Funguo za kudumu

17. Nichague ipi: namba za databesi, Snowflake, au UUID?

Databesi moja na seva moja, tumia kaunta ya databesi ya biti 64 umalize. Mapengo kwenye namba ni kawaida, muamala ukirudishwa nyuma kwenye PostgreSQL namba iliyochukuliwa hairudi, usihangaike kuyaziba.

Seva nyingi zinazozaa aitemu kwa wakati mmoja, Snowflake inafaa. Mpangilio huu Twitter waliuleta 2010: biti 41 za muda kwa milisekunde, ambazo zinatosha miaka kama 69, biti 10 za mashine, biti 12 za mfululizo, yaani ID 4,096 kwa milisekunde kwa kila mashine bila kuulizana na mtu. Sharti ni mbili, kila mashine iwe na namba yake ya kipekee kweli, na saa isirudi nyuma. Saa ikirudi nyuma kataa kutoa ID mpaka ifike ilipokuwa.

UUID ni baiti 16, nzito kidogo ila haihitaji mpangilio wowote. Ukiichagua chukua toleo la 7, lililowekwa rasmi kwenye RFC 9562 mwaka 2024, linaanza na muda kwa hiyo linaingia kwenye fahirisi kwa mpangilio. Toleo la 4 ni bahati nasibu tupu, linatawanya maandishi kila kona ya fahirisi na jedwali likiwa kubwa utaona kuandika kunapungua kasi.

18. Aitemu iliyofutwa imerudi ikiwa ya mtu mwingine baada ya kurisitati databesi. Inawezekanaje?

Kama ni MySQL ya kabla ya 8.0, inawezekana kabisa. InnoDB ilikuwa inaweka kaunta yake ya kujiongeza kwenye memori tu, ikirisitati inachukua namba kubwa iliyopo kwenye jedwali na kuongeza moja. Fikiria aitemu ya mwisho ni 90210, mchezaji ameituma kwa barua, halafu ikafutwa lakini barua ikabaki na namba 90210. Databesi ikizimwa na kuwashwa, aitemu inayofuata kuzaliwa inapewa 90210. Sasa ile barua ya zamani ina silaha mpya ya mtu mwingine. Kuanzia 8.0 kaunta inadumu. Hata hivyo usitegemee hilo tu, aitemu usiifute kweli, iwekee alama ya kufutwa, na barua iwe na uhusiano wa kweli na jedwali la aitemu ili databesi yenyewe ikatae.

19. Nazuiaje aitemu kuongezeka mara mbili?

Kila aitemu iwe mstari mmoja wenye ufunguo wa kudumu na mwenye nayo. Kumpa mtu si kufuta huku na kuandika kule, ni kubadilisha mwenye nayo: badilisha pale ambapo ID ni hii NA mwenye nayo bado ni yule anayetoa, halafu angalia mistari mingapi imebadilika. Ikiwa moja, imepita. Ikiwa sifuri, kuna mwingine amewahi, ghairi. Hata maombi mawili yakifika kwa pamoja ni moja tu litakalopata.

Vitu vya kurundikana kama mishale na sarafu havihitaji ufunguo kwa kila kimoja, rundo ndilo lina ufunguo. Hapo kugawanya rundo na kupunguza idadi vifanyike kwenye muamala mmoja.

## Kona ngumu

20. Kitu kikihama kutoka seva moja kwenda nyingine, ufunguo unaenda nao?

Wa kudumu unaenda, wa muda unakufa. Seva ya kwanza inakifunga kitu, inakituma na ufunguo wa kudumu, ya pili inakipa nafasi yake mpya na kuthibitisha, ndipo ya kwanza inafuta. Waliokuwa wameshika ufunguo wa zamani wataambiwa hakuna, na ndivyo inavyotakiwa. Kutunza nani anamiliki mchezaji kwa sasa wengi wanatumia Redis (databesi nyepesi inayokaa kwenye memori), funguo kama `mchezaji:8841:seva`, zenye muda wa kuisha ili seva ikifa ghafla mchezaji asibaki amefungiwa. Weka kwa `SET` yenye `NX` (andika kama haipo tu) na `PX` (muda wa kuisha) pamoja, na thamani iwe alama ya kipekee ya seva hiyo, ili wakati wa kufungua usifungue kufuli la mwingine. Kutafuta funguo tumia `SCAN`. `KEYS` kwenye seva ya kazi inapita funguo zote huku ikizuia kila mtu.

Ukiwa na kanda nyingi ndani ya seva moja, kila kanda kwenye uzi (thread) wake, mpe kila kanda arei yake na weka namba ya kanda kwenye biti chache za juu za ufunguo. Kanda moja isiguse kitu cha nyingine moja kwa moja, itume ujumbe wenye ufunguo.

21. Nafasi zinaisha taratibu hata wachezaji wakiwa wachache. Nianzie wapi?

Kuna vitu vinazaliwa na havifutwi. Kwenye Source ukifika kikomo cha 2,048 seva inaanguka na ujumbe "ED_Alloc: no free edicts", na karibu kila mara chanzo ni modi inayozaa vitu vidogo vidogo bila kuvisafisha. Kwenye seva yako hesabu vitu vilivyo hai kwa aina, andika kila dakika, na uangalie aina ipi inapanda bila kushuka wachezaji wakipungua. Kila nafasi ikumbuke nani aliizaa, hata kama ni namba ndogo tu ya sehemu ya msimbo, ni baiti mbili zinazookoa kazi kubwa.

Kwenye logi usiandike ufunguo kama namba tupu. Andika aina, nafasi, kizazi na wa kudumu kama upo, kwa mfano `zimwi 417/9`. Ukitafuta `417/9` unapata maisha yote ya kitu kile kimoja toka kuzaliwa mpaka kufa. Mstari wowote unaokitaja baada ya ule wa kufa unakuonyesha sehemu ya msimbo iliyokishika bila kuuliza kama bado kipo.